Siwema na Wimbi Lisilotulia

Saa tatu asubuhi, Mikumi, kando ya barabara kuu. Siwema Ashrafu ameinama mezani, bisibisi nyuma ya sikio, anagombana na kioo.

"Tulia basi, wee!"

Mstari wa kijani unakimbia kwenda kulia, hausimami hata kidogo. Kifaa hicho ni osiloskopu, mashine inayochora mwenendo wa umeme. Fundi huyu alikinunua kikiwa kimetumika, na hukiita "macho yangu".

Leo macho hayo yanatafuta ugonjwa wa inveta, kigeuza umeme wa betri, ya mashine ya kutotoleshea vifaranga. Mwenye mashine, Mwanakheri, ameileta kwa bodaboda kutoka Tindiga. Mayai sitini yaliyokaribia kuanguliwa ameyaacha nyumbani ndani ya blanketi, na jirani yake Ida anayabadilishia chupa za maji ya moto.

"Mwanangu, yakipoa nimekwisha," anasema.

"Hayapoi, mama. Kaa hapo."

Siwema ananieleza bila kuinua kichwa. "Hii inachora picha tena na tena. Triga ndiyo inayoiambia ianzie wapi. Ni kama kuruka kamba: unaingia kamba ikifika palepale kila mara. Ukiingia ovyo, vurugu!"

Anazungusha kitufe cha kimo cha triga, yaani mahali pa wimbi pa kuanzia, juu, chini. Wapi! Wimbi linakimbia vilevile.

Ghafla anajipiga paji la uso. Jana alitengeneza redio iliyochomekwa kwenye umeme wa gridi, akaiacha triga ikifuata mapigo ya gridi. Inveta ya Mwanakheri inatumia betri ya sola, ina mwendo wake.

"Lo! Naruka kamba hii huku natazama mkono wa anayezungusha ile ya jirani!"

Anaihamishia triga chaneli ya kwanza, penye wimbi lenyewe, na kimo anakiweka katikati.

Tuli!

Siwema anapiga kigelegele mpaka muuza vocha wa pembeni anachungulia. Na ugonjwa huo hapo, peupe: nusu ya juu ya wimbi ipo, ya chini haipo kabisa. Transista, vipande vinavyosukuma umeme, za upande mmoja zimekufa. Anazibadili, anapima tena, nusu zote mbili zinatokea. Mwanakheri hangoji hata chai.

Keshokutwa yake simu ya Siwema inaita nikiwa pale pale dukani; ni Mwanakheri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu sikiliza!"

Vifaranga wanalia kwa fujo. Siwema anafuta machozi huku anacheka.

Sasa anatafuta osiloskopu ndogo ya betri, ya kubeba begani hadi vijiji vya Tindiga na Masanze. "Mayai hayajui kusubiri," anasema. "Safari nyingine, atakayepanda bodaboda ni mimi."