Meno ya Juu ya Neema

Nilipokuwa mtoto, meno mawili tu yalitosha kumhukumu mtu. Mdogo wangu Neema aliota yale ya juu kabla ya yale ya chini, na kwa majirani zetu wa barabara ya Moiben, nje kidogo ya Eldoret, mtoto wa namna hiyo alikuwa kigego: akikaribia mbegu, shamba litakataa kuota.

Mvua za kwanza ziliponyesha, wanawake tuliozoea kupanda nao kwa zamu walisimama nje ya ua, majembe begani. Hawangeingia mtoto akiwapo. Baba, aliyekuwa karani mjini, alikwisha kukubali Neema apelekwe kwa jamaa wa mbali hadi mavuno. Mama alikunja nepi akilia bila sauti. Miaka ile ya chama kimoja tulifundishwa kuitikia kabla ya kusikia, na baba aliitikia upesi.

Kukhu hakuitikia. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba. Alikuwa amestaafu ualimu, lakini sauti yake haikustaafu. Alimfunga Neema mgongoni, akatoka nje.

"Mwalimu," akasema Mama Wafula, "wewe umesoma, sawa. Lakini mahindi haijasoma."

"Basi haijui hata kuhesabu meno."

Mmoja wao alicheka, kisha akajiziba mdomo.

Kukhu alimshusha mtoto kwenye mstari wa kwanza, akamtia punje kiganjani, akaufungua mkono ule mdogo juu ya shimo.

"Na yasipoota, Mama?" baba akauliza.

"Tutalala njaa, naye akiwemo. Ukimtoa huyu, nitoe na mimi."

Wanawake waliondoka. Tulipanda peke yetu, na Kukhu hakunyoosha mgongo hadi jioni.

Mahindi yaliota, yakazaa vizuri. Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, Mama Wafula akaja na mbegu kwenye debe. "Mwalimu, niletee Neema anishikie hizi. Kumbe huyu mtoto ni baraka!"

Nilidhani Kukhu angefurahi. Alikasirika kuliko siku ile ya kwanza. "Rudi na mbegu zako. Hana mkosi, wala hana baraka ya kuazimwa. Ni mtoto. Ukimpenda, mpe uji."

Nilinuna. Niliona dada yangu amepokonywa taji. Msimu ule ule viwavi wakaja, wakala mashamba yote, letu kwanza, na hakuna mtu aliyeutazama mlango wetu kwa lawama. Hapo nikafahamu kwa nini Kukhu aliliogopa shangilio: waliotandaza nguo zao njiani Yesu alipoingia Yerusalemu walikuwa bado mjini siku ya Ijumaa ya msalaba.

Kukhu amelala mavumbini, akingoja parapanda. Nami hadi leo nawasikia watu wa sala, Biblia kwapani, wakiuliza juu ya mtoto aliyezaliwa tofauti: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Bwana alikwisha kulijibu swali hilo mbele ya kipofu: si huyu, wala wazazi wake. Mimi sina jibu jingine la kuongeza, ila lile la Kukhu: mpe uji.