Friji Mbovu Haiondoki Mpaka Punguzo Lije

Friji yangu mbovu haitoki nyumba hii mpaka Desemba, na nasema mbele ya watu wote!

Inaunguruma kama trekta lakini haipoozi. Sawa. Mume wangu, baba Neema, anataka tununue mpya leo leo. Mimi nasubiri punguzo la mwisho wa mwaka.

Sasa leo mama mkwe katushukia kutoka kijijini kwake Olmotonyi, bila taarifa.

Hata sijamaliza kumwamkia, baba Neema keshaanza kunishtaki. "Mama, njoo uone ninavyoteswa."

Akafungua friji, akatoa jagi la maziwa ya juzi. Yameganda yote.

Nikajua nimekwisha.

Mama akanusa. Akachovya kijiko, akaonja.

"Lete kikombe."

Jamani, kanywa vikombe viwili mfululizo!

"Mtindi wa namna hii nilidhani nyie wa mjini hamuuwezi. Nani kakufundisha?"

Baba Neema bado kashikilia mlango wa friji. "Mama, hayo yameharibika!"

"Yameharibika wapi? Wewe ulikua kwa kunywa nini?"

Hapo nami nikajimiminia changu, nikakaa karibu na mama. Karibu kabisa.

Wakati wa kuondoka akaniambia, "Siku mkinunua hiyo mpya, hii mniletee mimi."

Kwa hiyo nyie mnaonisema kila siku, eti nanunua lini, nendeni Olmotonyi mkamuulize yeye.

Na baba Neema, usijifanye umenuna. Nimetoka kuosha vyombo sasa hivi. Mama alitumia kikombe kimoja mara zote mbili, na mimi kimoja.

Hicho cha tatu chenye mtindi ni cha nani?