Matanga ya Mtaliano

Juzi nilishuka kwenye teksi pale Berea, karibu na robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, nikajikuta mbele ya jengo letu la zamani. Wamelipaka rangi ya kijivu, wakaweka geti na kibao kinachokataza mikusanyiko. Nilicheka peke yangu. Rafiki yangu, laiti ungeiona mikusanyiko ya jengo lile!

Mwaka 2015 nilikuwa bado mtoto, nikikaa humo na Mama, fundi cherehani kutoka Bukavu. Korido ilinukia sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na nguo zilizopigwa pasi. Mlango wa pili aliishi bibi mmoja wa Kitaliano, mjane. Ukutani kwake ilikuwapo picha ya mwanamume mwembamba mwenye macho ya huzuni: kiongozi wa chama cha kikomunisti cha kwao.

Asubuhi moja ya baridi Mama alimpelekea sketi aliyomrekebishia, akakuta picha imewekewa maua na utepe mwekundu. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Bibi alisema leo ni siku ya kifo cha huyo wa pichani. Mama hakuuliza ni kifo cha mwaka gani. Kwetu mfiwa hahojiwi. Kufikia mchana kina mama wa kanisa walikuwa wametandika mikeka koridoni, masufuria yamefika, na nyimbo za Yesu zinapanda ngazi kwa ajili ya mkomunisti aliyezikwa Mama akiwa bado msichana.

Bibi alipoelewa kwamba tulidhani msiba ni wa juzi, alicheka, kisha akalia. Akaketi nasi mkekani. Alitusimulia jinsi kiongozi yule alivyosimama kwenye mageti ya viwanda na kuongea na wafanyakazi kwa sauti ndogo, na jinsi hata wapinzani wake walivyokuja kuinamisha vichwa mbele ya jeneza. Mama akataka kujua kama alikuwa mtu wa kusali. Hapana, Bibi akajibu. Mama akafikiri kidogo, akasema basi tutamsalia sisi, hana pa kukimbilia.

Tangu hapo matanga yakawa ya kila mwaka. Ukienda kwa mwenzio ukala, naye lazima aje kwako, kwa hiyo na Bibi akawa anapika maharage yake na makaroni.

Kisha jengo likauzwa. Mwenye jengo mpya alikata maji ili tuondoke wenyewe, na tulipokuwa bado tumebaki akatuma walinzi watutoe. Walitukuta mikekani, picha ikiwa juu ya cherehani ya Mama. Mkubwa wao akaamuru korido iachwe wazi. Mama hakusimama.

"Tuko na matanga hapa," alisema. "Kama unaweza kufukuza batu ku matanga, anzia kwangu."

Sitasahau fahari niliyoisikia. Mlinzi mmoja, Mkongomani, alivua kofia. Akaketi, akapewa sahani. Wenzake wakatazamana, wakashuka ngazi.

Hawakutuweza mwaka ule, wala uliofuata. Mwishowe Bibi akafariki, tukamlilia kwa nyimbo zilezile, na mwaka 2019 mwenye jengo akang'oa mabomba yote, ndipo tukahama. Majirani wametawanyika, korido haina harufu, na inaniuma.

Ila picha iko kwa Mama, anakoishi sasa, mtaa wa jirani wa Hillbrow. Nilipomweleza kuhusu kibao, aliendelea kushona, akaniuliza tu kama mbele ya lile geti mikeka mitatu itaenea. Itaenea, nimeshapima. Baridi ikirudi, njoo na sahani yako.