Radhi Niliyoifuata Ubelgiji

Nilichoka kabla sijafika. Ndege kutoka Maskati, kisha treni, kisha mji wa kale uliotandikwa mawe kila njia, na magoti yangu yamezoea kiti cha ofisi huko kwetu Al Khuwair. Rafiki yetu wa tangu skuli, aliyeolewa huko Ubelgiji, alitangulia mbele akitueleza kila mnara umejengwa na nani. Mwenzetu wa tatu, niliyesafiri naye, alipiga picha kila bata aliyemwona mferejini. Mimi nilitafuta pa kukaa.

Sikwenda kutembea. Mwaka huu jina langu limetoka kwenye kura ya kwenda hija, na kwetu mtu haendi bila ya kuomba radhi kwa aliowakosea. Siku hizi tunaomba kivivu: unaandika ujumbe mmoja wa simu, unaurusha kwa kila mtu, kuanzia shangazi mpaka fundi wa viyoyozi. Nami niliurusha. Wote wakajibu wamenisamehe. Huyu rafiki yetu wa Ubelgiji peke yake aliandika nije nimwombe uso kwa uso.

Nikajua basi, ameshaijua ile ya posa. Tulipokuwa wasichana, watu wa mwanamme mmoja walinijia kumuulizia, kama wanavyouliziwa wanawari kwa mashoga zao. Mwanamme mwenyewe nilikuwa nikimtaka mimi. Nikawaambia shoga yangu ana mtu wake. Hawakurudi tena, si kwake wala kwangu.

Mwenzetu alipoingia duka la chokoleti, sisi wawili tukakaa mkahawani, nami nikamweleza yote bila ya kujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Hilo nilikuwa silijui," alisema.

Nilihisi uso unaniwaka. Nikamuuliza, sasa alichoniitia ni nini?

"Mama alipokufa nilikuja Maskati. Siku tatu za msiba nimekaa natazama mlango. Wewe unakaa Al Khoudh, nusu saa kwa gari, ukaniletea taazia kwa simu. Hata jina la mama hukuliandika."

Niliikumbuka wiki ile. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa natoka kazini nimechoka, kila jioni nasema nitakwenda kesho, na siku tatu zikaisha. Kumbe kwa miaka yote nilikuwa nikijutia kosa moja, na lililomuuma nimelisahau. Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwomba radhi kwa yote mawili, machozi yananitoka mbele ya wazungu na keki zao.

Alinishika mkono.

"La mama nimekusamehe, wallahi. Hili la posa nimelisikia leo. Nipe muda."

Nikamwambia naondoka kwenda Makka Jumanne.

"Nnajua," akasema.