Zamu ya Mama wa Kilimani

Baada ya ile mvua ya El Nino kuvunja madaraja na kwenda zake, ofisi moja mjini Machakos ilitaka kujua ni janga gani lingefuata na lingempata nani. Nikaajiriwa kuzunguka Ndithini nikiwauliza watu wanaogopa nini. Kazi ilinifaa. Utotoni pale Mumbuni nilichapwa si haba kwa kuuliza yasiyonihusu, na sasa nilikuwa nalipwa kwa kosa lilelile.

Kila boma lilinijibu ukame. Hata mama mmoja mjane, aliyeishi na wajukuu wake juu kabisa ya kilima, alinijibu ukame. Lakini nyuma ya jiko lake, kijumba cha udongo kilichojitenga na nyumba ya kulala, kulikuwa na korongo la kumeza ng'ombe na pembe zake. Lilianzia hapo kwake, likateremka likikata mashamba ya majirani. Kati ya ukuta na ukingo, mbuzi walipita mmojammoja. Nilimuuliza kama halioni. Akacheka, akasema analiona kila asubuhi kabla ya chai.

Jambo hilo lilininyima raha. Mashamba ya chini yalikuwa na matuta mazuri ya kuzuia maji, yaliyochimbwa na mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Ila kila mvua iliyabomoa, kwa sababu maji yalitoka juu kwa yule mama, ambako jembe la kikundi lilikuwa halijafika. Nikauliza kwa nini hawakuanzia juu. Nikajibiwa, kwa upole anaojibiwa nao mtoto, kwamba zamu hufuata jinsi watu walivyojiunga, na mama alijiunga mwisho. Nikawaambia maji hayajui nani alijiunga lini. Wakakubali kabisa, wakaendelea kuchimba.

Kusema kweli nilikasirika. Nilimrudia mama nikamsihi aombe zamu ya mwenzake. Akakataa. Kwanza nilidhani ni aibu, halafu nikadhani ni kiburi, na nilirudi mjini nikiwa bado najiuliza.

Novemba mvua ikaja. Niliposikia kwamba lile jiko limekwenda na maji, nilifunga safari bila kutumwa na mtu. Nilikuta mafiga yamelala chini korongoni na wajukuu wakiota moto uani, wazima, nikashukuru Mungu. Bibi yao hakuwepo. Wakanielekeza kwa jirani, chini kidogo.

Mwethya ilikuwa huko, maana zamu ilikuwa ya jirani huyo. Na mama alikuwa mstarini na wenzake, jembe juu, jembe chini, akiitikia wimbo. Nilimvuta kando.

"Mwaitu," nikamwita, yaani mama yangu kwa Kikamba chetu, "jikoni imeanguka, na bado uko hapa kwa shamba ya mtu?"

Alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba, bila haraka.

"Siku yangu ikifika, nataka waje wote," akasema. "Hiyo korongo mtu moja hawezi. Ukiniuliza naogopa nini nilikuambia ukame, kwa sababu kila mtu anasema ukame. Lakini mimi naogopa kuamka hiyo siku yangu nipate niko peke yangu."

Akarudi mstarini. Mwenye shamba alisogea akamwachia nafasi kando yake, na habari ya jiko haikutajwa.

Siku yake ilipowadia nililala kwa jamaa wa karibu ili nifike mapema. Nilimkuta mama amesimama ukingoni na jembe lake, chai haijanywewa, macho kwenye njia ya kupanda kilima. Nikasimama naye. Mimi niliyezoea kuuliza kila kitu sikuwa na swali hata moja, niliogopa tu pamoja naye.

Walikuja wote, hata mzee mmoja ambaye hakuweza tena kushika jembe. Yeye alikuja amebeba kiti chake.