Jina la Mwadi na Kadi ya Mortensen

Siku niliyorudi Kalemie na kadi yangu mpya ya chuo kikuu hunijia hata leo, Mwanangu. Nkambo Maria, bibi yangu mzaa mama, alikuwa kwenye mkeka akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Tangu nizaliwe aliniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, Mwadi. Na kwetu anayebeba jina la mtu hupokea pia heshima yake. Nilikuwa na miaka mitano, naye mwenye mvi, lakini alinipisha kiti.

Nilimpa mjomba wangu kadi amsomee Nkambo. Palipokuwa na Mwadi kwenye kadi ya zamani, sasa paliandikwa Mortensen.

Mortensen alikuwa baba yake Nkambo: fundi wa meli kutoka Denmark, aliyefanya kazi bandarini hapa mji ukiitwa bado Albertville. Alizaa na Mwadi, kisha akarudi kwao kabla mtoto hajajifunza kutembea. Nilijiambia kwamba naiheshimu damu ya bibi. Kusema kweli, nilipenda jinsi wenzangu wa Lubumbashi walivyogeuza shingo jina hilo liliposomwa darasani.

Nkambo hakuinua macho.

"Karibu, Madame Mortensen," akasema. "Kiti iko pale. Muzungu haikalake kwenye mukeka."

Mjomba akacheka, nami nikacheka, nikidhani utani utaisha kabla ya chakula. Haukuisha. Likizo nzima nilikuwa Madame. Siku ya kuondoka nikamwambia, "Nkambo, lakini mimi njo Mama yako."

"Mama yangu njo Mwadi," akajibu. "Wewe unamujua Mwadi?"

Nilirudi Lubumbashi na ukaidi. Nikawaza: nikimletea ukoo mkubwa wa baba yake, ataniheshimu. Padri mmoja mwenye rafiki Denmark alinisaidia kuandika kwa parokia alikotoka yule fundi. Jibu lilichukua karibu mwaka mzima, na juma lilelile mfanyakazi wa reli aliniletea habari nyingine: Nkambo ni mgonjwa, hali chakula tena.

Niliisoma barua ndani ya treni. Mortensen, iliniambia, halikuwa jina la ukoo wowote mkubwa. Maana yake ni mtoto wa Morten tu. Morten mwenyewe aliitwa mtoto wa Jens. Kila kizazi kilibeba jina la baba wa karibu, mpaka serikali yao ilipoamuru majina yasibadilike tena. Lakini mstari uliofuata ndio ulionivua nguo: wazee wale walikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la babu au bibi yake, ili jina lisipotee. Wazee wa Denmark, basi, wangemwelewa Nkambo kuliko nilivyomwelewa mimi.

Treni ilisimama siku tatu porini ikingoja kichwa kingine. Nilihesabu saa, nikaacha, nikaanza tena. Hofu yangu, nikiri, haikuwa kwamba atakufa. Ilikuwa kwamba atakufa nikiwa bado Madame.

Nilimkuta amelala, uso ukutani.

"Nani?"

"Mwadi."

"Mwadi gani?"

"Mama yako. Nimerudi."

Nilimsomea barua yote, na aibu yangu ndani yake. Aliuliza jambo moja tu. "Baba yangu alikuwa na mama?"

"Alikuwa naye. Aliitwa Karen."

"Karen," akasema polepole, kama anayeonja chumvi. "Na huyu Karen, nani anabeba jina lake?"

Akageuka, akanitazama.

"Mama," akasema, "unipatie maji."

Nikamletea, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.

Nkambo alifariki kabla ya mvua iliyofuata. Nami hadi leo najua Morten alikuwa mtoto wa nani, lakini sijui Mwadi alizikwa wapi, wala alicheka vipi. Nkambo aliniuliza kama namjua, na mimi, msomi, sikufikiri kumrudishia swali.

Kwa hiyo sikiliza, Mwanangu, wewe unayetuma mate yako ng'ambo yapimwe nasaba ili upate ndugu wa damu kwenye simu. Watafute, si kosa, kwani hata Karen anastahili kutajwa. Ila usilifute jina ulilopewa kwa upendo ili upate nafasi ya kuandika lingine. Anza na mzee aliye nyumbani kwenu. Keti naye chini, umuulize aliyekuwa kabla yake alikuwa mtu wa namna gani, na ufanye hivyo leo, maana treni husimama porini.

Mungu akulinde usichelewe kama nilivyochelewa. Akupe maisha marefu, na siku macho yako yatakapofifia, aingie mtu mlangoni, umuulize ni nani, naye akujibu kwa jina la mtu uliyempenda.