Fundi wa vyerehani na sarafu iliyokataa kuzeeka

Saa tatu asubuhi, fundi amepiga magoti chini ya meza yake. Anapuliza nyuzi zilizonasa kwenye feni ya kompyuta ndogo nyeusi, huku akiibembeleza kama mtoto anayepelekwa shule kwa mara ya kwanza.

"Leo usiniangushe, baba. Leo ndiyo leo."

Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Vyerehani vimepangwa ukutani, vingine vimeng'olewa vichwa, vingine havina miguu. Kazi yake ni kuvifunga mota vile vya kukanyaga, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mota. Ana miaka arobaini na kitu, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Hiyo kompyuta haishoni kitu. Inalinda pesa. Ni mojawapo ya maelfu ya kompyuta za watu wa kawaida, katika nchi nyingi, zinazotunza hesabu za sarafu moja kongwe ya mtandaoni, pesa isiyoshikika wala kukaa benki. Watumiaji wake wameibandika jina la Babu. Mwanzoni lilikuwa jina la heshima. Siku hizi vijana wanalisema huku wakicheka.

"Mwaka wa kwanza niliiua kwa mikono yangu," anasimulia Mota. "Feni ilipiga kelele, mimi nikaitia mafuta ya cherehani. Si ndiyo dawa ya kila kitu humu ndani? Mafuta yakashika nyuzi, nyuzi zikashika vumbi, ikazimika kimya. Nilicheka mpaka nikalia."

Leo kompyuta zote hizo zinahamia toleo jipya la programu ya Babu. Kwa miaka mingi Babu amekuwa imara lakini mzito, malipo yakipanga foleni na ada ikipanda. Wakati huohuo sarafu changa zinazaliwa kila kukicha, nyepesi na za bei poa. Inayovuma sana inaitwa Chapchap, na shabiki wake mkubwa ni mdogo wake Mota, muuza simu wa chumba cha pili. Amekuja na kikombe cha chai mkononi kutazama mazishi, kama anavyosema mwenyewe.

"Dada, mzee wako akifa leo, usiniombe nibebe jeneza."

"Kunywa chai yako. Utamkuta hapa ukirudi kuosha kikombe."

Wanataniana, ila utani una mwiba. Mota anaagiza mota kutoka kwa fundi mwenzake wa ng'ambo. Fundi huyo hapokei Chapchap wala nduguze, kwa sababu sarafu changa moja iliwahi kuyeyuka na akiba yake yote. Anamwamini Babu tu. Mara ya mwisho Babu alichelewa, ada ikala robo ya fedha, na mzigo ukaondoka bila mota zao.

Mojawapo ya mota hizo ilikuwa ya shangazi yao. Ndiye aliyewalea wote wawili kwa kanyagio la cherehani, mpaka goti likagoma. Tangu atoke hospitali hajashona hata kifungo. Anakaa dirishani, anaulizia mota, kisha anajidai hakuuliza.

"Hilo ndilo linaloniuma," anasema mdogo mtu, safari hii bila kucheka. "Babu akichelewa, anayesubiri si dada. Ni shangazi."

Mzigo wa leo unafungwa saa sita mchana. Ukiondoka, mwingine ni baada ya miezi. Mota ameshatoa neno lake mbele ya mdogo wake: Babu akishindwa tena, anaizima kompyuta na kutafuta muuzaji mwingine.

Toleo jipya limeleta njia ya pembeni. Mtumiaji anafungua mlango wake mara moja tu, polepole, kwenye barabara kuu ya Babu. Baada ya hapo malipo yanapita mlangoni bila foleni. Mota anafungua wa kwake. Kioo kinaandika: subiri. Anasubiri huku akikaza skrubu ambazo hazijalegea.

Mlango unafunguka. Anatuma kiasi kidogo cha majaribio kwa fundi wa ng'ambo, na kabla hajaondoa kidole, jibu limeingia: imefika!

"Umeona?" Anaruka, anapiga bati la mlango kwa kiganja. "Umeona mzee anavyokimbia?"

Mdogo wake ameacha kunywa chai. Mota anaandika kiasi chote cha mzigo, anabonyeza. Kioo kinakataa. Anabonyeza tena, kinakataa tena.

"Kakwama," mdogo wake anasema taratibu. "Dada, kakwama."

Mota anasoma maelezo upya, kidole juu ya kila neno, kisha anajipiga paji la uso. Kila cherehani anachokifunga mota hukijaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu, kamwe si kwenye nguo ya mteja. Ndivyo shangazi alivyomfunza. Asubuhi hii amemfanyia Babu vilevile, akafungua mlango kwa senti chache za kujaribia. Kumbe mlango huu una upana wa fedha ulizoweka wakati wa kuufungua. Amefungua tundu la sindano, halafu anataka kupitisha shuka.

"Babu hana kosa. Kosa langu mimi."

Anafungua mlango wa pili, mpana. Kioo kinaandika tena: subiri. Sasa ni saa tano na nusu, na hakuna skrubu wala mzaha unaoweza kuusukuma. Mdogo mtu ameketi sakafuni kando ya dada yake, macho kwenye kioo, ushabiki wote umemtoka.

"Fanya, mzee," ananong'ona. "Fanya basi."

Mlango unafunguka zikiwa zimebaki dakika chache. Mota anabonyeza. Jibu linaingia papo hapo: fedha imefika, mota zinapakiwa. Ada yake haifiki bei ya kibiriti. Ndugu wawili wanakumbatiana, chai inamwagika, hakuna anayejali.

Je, Babu atawaweza hawa wapya? Mota anafuta jasho na kusema ukweli wake.

"Sijui. Chapchap bado inamshinda mbio, na kesho kutazaliwa nyingine. Mimi sijafunga ndoa na Babu. Ila leo nimeona anajifunza, na akiendelea kujifunza mimi nipo naye. Jumapili nawaita mafundi wenzangu niwafundishe kufungua mlango, mpana tangu mwanzo, wasije wakahangaika kama mimi."

Mdogo wake bado ni mtu wa Chapchap, na anasema hilo kwa sauti. Lakini ndiye anayechukua simu kwanza na kumpigia shangazi.

"Shangazi, mota yako imepakiwa. Imeshalipiwa."

Sauti ya mwanamke mzima inatoka simuni na kujaa karakana, imara, kama iliyokuwa ikisubiri zamu yake.

"Basi waambie wateja wangu nimerudi kazini."